Spesa, Kitanuzi au Kitovu cha Pili?

Kwenye maduka ya spea ya Ilala na Kariakoo, kama ilivyo kwenye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kinauzwa kipande cha metali cha mviringo chenye matundu matano au sita, na kila muuzaji anakiita spesa. Kinapachikwa kati ya kitovu cha gurudumu na rimu ili tairi litoke nje zaidi ya pale lilipowekwa na kiwanda. Wenye pikapu ndio wanaokiulizia sana. Kuna wanaotaka gari lionekane pana. Kuna walionunua matairi makubwa yanayokwaruza springi au chesisi kila usukani ukikatwa. Wapo pia wachache wenye sababu nzito zaidi, nitakayoifikia. Wote wananunua kwa neno hilohilo, nalo ndilo linalonishughulisha, kwa kuwa naamini uamuzi wa kufunga au kutofunga huharibika mapema sana, pale kaunta, kabla fundi hajashika spana.

Spesa imetoka kwenye Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilikiita kitu hiki kwa uwazi kinaouleta. Jina linataja nafasi. Halitaji metali iliyojaza nafasi hiyo, wala mzigo unaopita ndani yake. Anayelisikia hupata picha ya kitu kilichokaa kimya kuziba pengo, wakati uzito wote wa kona ile ya gari, kila breki inayokanyagwa na kila shimo la barabarani hupitia hapo. Wajerumani walitazama kwingine. Wao husema Spurverbreiterung, na Spur kwao ni unyayo, ile alama inayobaki ardhini baada ya kitu kupita. Kwa hiyo kwao hiki ni kipanuzi cha nyayo. Wafaransa husema élargisseur de voie, kipanuzi cha njia. Lugha hizo mbili ziliangalia chini, pale tairi linapogusa ardhi, zikataja kinachobadilika. Sisi tulilipokea neno pamoja na boksi lake.

Hilo linanisikitisha kwa sababu Kiswahili cha gereji kina macho makali. Bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa Land Cruiser hadi juu ya paa tuliliita mkonga, na mtoto yeyote aliyewahi kuona picha ya tembo akivuka mto anajua kazi yake bila kufundishwa. Gari lenyewe likarithi jina, likawa Land Cruiser mkonga. Pikapu ndogo za kubebea mizigo mitaani ni kirikuu, magari makubwa ya wakubwa ni mashangingi, na pikapu ya polisi ni difenda hata ikiwa imetengenezwa Japani. Usukani tuliuchukua kutoka kwenye jahazi: sukkan ya Kiarabu ni ule ubao wa nyuma unaoelekeza chombo, nasi tukauhamishia barabarani bila kuuliza ruhusa. Mhimili uliokuwa ukibeba nyumba umebeba magurudumu, na siku hizi unabeba dola, maana Watanzania huzungumzia mihimili mitatu, Serikali, Bunge na Mahakama. Lugha yenye nguvu hizo haikushindwa kukipa jina kipande cha metali chenye matundu sita. Haikuombwa.

Mpwa wangu ana Toyota Hilux anayobebea mchele kutoka Ifakara kwenda Morogoro mjini. Alikuja nyumbani na picha kwenye simu, Hilux nyeusi yenye matairi yaliyotokeza nje ya madigadi, akaniambia, “Mjomba, nataka gari isimame namna hii.” Nikamwuliza kwani sasa imekaa? Akacheka, lakini alikuwa ametumia neno kwa usahihi wa kizazi chake. Kwa vijana wa magari, gari lililosimama ni lile ambalo magurudumu yake, urefu wake na upana wake vinapatana machoni. Ni istilahi kamili, imezaliwa hapa, na hakuna kamati iliyoitunga.

Ningeweza kuichukua lugha yake na kupendekeza neno kitanuzi. Lina mvuto. Kutanua ni kufanya kitu kiwe kipana, lakini kwenye foleni za Dar es Salaam kutanua ni kuiacha njia yako, kuweka tairi kwenye ukingo wa barabara na kuwapita wenzako waliosubiri; na mtu anayetanua maishani ni yule anayetumia fedha ili aonekane. Kitanuzi, basi, kingetaja kwa uaminifu kinachomsukuma mnunuzi mwenye umri wa mpwa wangu. Bado lakini kingekuwa kimya kuhusu mzigo. Na kuna tatizo kubwa zaidi ambalo spesa na kitanuzi vinashirikiana: kila moja lingefunika vitu viwili tofauti kabisa.

Kitu cha kwanza ni bamba tupu. Ni kisahani chembamba cha milimita tatu, tano au kumi, chenye matundu tu. Unakivalisha juu ya zile bolti zinazotokeza kwenye kitovu, ambazo gereji nyingi huziita stadi, kisha unarudisha rimu juu yake na kufunga nati zilezile. Hakina bolti zake, hivyo kila milimita ya unene wake inaliwa kutoka kwenye urefu wa stadi ulioachwa na kiwanda. Stadi za Hilux ni za kipenyo cha milimita 12, na kila mzunguko wa nati husogea milimita moja na nusu. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike uzi kwa kina kisichopungua kipenyo cha stadi, maana yake mizunguko isiyopungua minane. Bamba la milimita sita linakula mizunguko minne. Yeyote anaweza kulipima hili mwenyewe kwa mkono: weka bamba, weka rimu, zungusha nati kwa vidole ukihesabu hadi ikae. Isipofika nane, ondoa.

Kitu cha pili ni kinene, mara nyingi milimita 25, 30, 38 au 50. Chenyewe kinafungwa kwenye kitovu cha gari kwa nati zake zinazozama ndani ya matundu, halafu kina stadi zake mpya zinazotazama nje, na rimu hufungwa kwenye hizo. Kilichotengenezwa vizuri kina pia ukingo wake wa mviringo katikati ya kukalia rimu. Kitazame vizuri: kina uso wa kukalia gurudumu, kina stadi, kina ukingo wa katikati. Hicho ni kitovu. Kimefungwa mbele ya kitovu kingine, basi ni kitovu cha pili, na hilo ndilo jina ninalolipendekeza. Kile chembamba kibaki bamba, bamba la kitovu ukitaka kirefu. Spesa iachwe iende zake, au ibaki jina la rafu yote dukani, lakini isiandikwe kwenye risiti.

Naona tofauti inayoletwa na maneno haya mdomoni mwa mnunuzi. Mtu anayeuliza bei ya spesa ataambiwa bei. Mtu anayesema anataka kuliongezea gari lake kitovu cha pili kila upande ameshajiuliza nusu ya maswali yanayostahili: nani amekitengeneza, kwa metali gani, na kinashikwa na nini? Mtu akikuambia mtoto wake kaongezewa kitovu, huwezi kukaa kimya.

Swali la kinashikwa na nini lina Kiswahili chake tayari, na ni Kiswahili kizuri kuliko nilichokuta kwenye maelezo ya watengenezaji. Mafundi wanatofautisha kuingia na kukaa. Kitu kimeingia kama matundu yamekubali. Kimekaa kama kila uso umepata mwenzake na hakuna mchezo. Chukua pikapu nne zinazopishana kila siku kwenye barabara ya Morogoro: Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi L200. Zote kwa kawaida zina stadi sita zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 139.7, yaani inchi tano na nusu. Muuzaji akihesabu matundu atasema kwa moyo safi kwamba kipande kimoja kinaingia zote. Lakini ukingo wa katikati wa kitovu, ule unaoingia kwenye tundu kubwa la rimu na kuliweka gurudumu katikati, ni milimita 106 kwenye Hilux, 100 kwenye D-Max, 93 kwenye Ranger na 67 kwenye L200. Kitovu cha pili kilichotobolewa kwa ajili ya Hilux kitaingia kwenye Ranger na kubaki kikicheza milimita 13. Kimeingia. Hakijakaa.

Kisichokaa huachia nati kazi ya kukiweka katikati. Nati za koni zinajitahidi, maana koni hujisogeza yenyewe hadi katikati ya tundu. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota, hata hivyo, hutumia nati zenye shingo iliyonyooka na washa bapa, na hizo haziwezi kuisogeza rimu popote. Zinategemea ukingo wa kitovu. Gurudumu lililopotea katikati hata kwa kiasi kidogo linatikisa usukani kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva anapeleka gari kwa fundi wa balansi, balansi inafanywa, mtikisiko unarudi, na lawama zinaishia kwenye matairi. Kwenye orodha yangu ya istilahi nimeandika kukaa kama kitenzi cha kiufundi, na mbele yake: kuwa katika mguso kamili na mahali pake bila kutegemea nati.

Swali la metali gani ndilo lililonipa furaha kubwa zaidi, kwani hapa wahenga walituachia vitenzi vitatu vinavyolingana na teknolojia ya kiwandani leo bila kukosea. Kufua ni kuitengeneza metali kwa kuipiga. Ni kitenzi kilekile cha kufua nguo na kufua nazi; kinachounganisha zote tatu ni nguvu ya mkono inayolazimisha kitu. Kusubu ni kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu. Kukereza ni kuzungusha kitu na kukichonga kwa chombo chenye makali, kama miguu ya vitanda vya pwani ilivyokerezwa karne nyingi kabla ya leithi ya umeme. Sasa simama dukani, chukua kitovu cha pili mkononi, uulize: hiki kimefuliwa kikakerezwa, au kimesubiwa?

Jibu linaamua karibu kila kitu. Aluminiamu iliyofuliwa hubanwa hadi chembe zake zinalala kufuata umbo la kipande, na mipasuko hupata taabu kuzikata. Iliyosubiwa vibaya hubaki na vitundu vya hewa ndani visivyoonekana, na kila kitundu ni mahali pa ufa kuanzia. Metali hubeba mzigo unaojirudia tena na tena, gurudumu linapozunguka mara mia kadhaa kila kilomita, nayo huchoka. Uchovu wa metali ni istilahi iliyokwishakubalika na sioni ya kuishinda. Vipande bora hutangazwa kuwa vya aloi 6061-T6 au 7075, vikiwa vimekerezwa kutoka kwenye kipande kizima, na stadi zake zina alama ya daraja la nguvu, 10.9 au zaidi, iliyogongwa kichwani. Rangi nyekundu au ya bluu inayong'aa haijibu swali lolote kati ya haya. Muuzaji asiyejua tofauti ya kufua na kusubu ana haki ya kutojua, ila mnunuzi naye ana haki ya kuacha kipande mezani.

Sikitiko langu ni kwamba mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA anayejifunza ufundi wa magari leo atakutana na maneno ya Kiingereza ya mambo hayo matatu, na huenda akamaliza masomo bila kuambiwa kwamba bibi yake aliyekaa Pangani alikuwa na ya Kiswahili. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na walimu wa sayansi wakapata pa kushika. Ufundi wa magari unastahili heshima hiyohiyo, na kazi ingeanza kwa kwenda gereji na daftari. BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina mamlaka ya kusanifisha. Gereji ina maneno. Ningependa vitu hivyo viwili vikutane mara nyingi zaidi.

Tufike kwenye mzigo wenyewe. Rimu nyingi zina maandishi mawili madogo, ET, na namba baada yake. ET ni kifupisho cha Einpresstiefe ya Kijerumani, na inataja umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso unaokaa kwenye kitovu. Mafundi wetu hawaitaji. Wao husema rimu imeingia ndani au imetoka nje, na kwa kazi ya kila siku hiyo inatosha. Lakini kwa uamuzi huu namba inasaidia. Rimu za kiwandani za Hilux za miaka ya karibuni huwa ET30: uso wa kukalia uko milimita 30 nje ya mstari wa katikati, hivyo sehemu kubwa ya gurudumu inarudi ndani, juu ya beringi. Funga kitovu cha pili cha milimita 30 na umeigeuza kuwa ET0. Mstari wa katikati wa tairi umehama milimita 30 kutoka pale mhandisi alipoupanga, kila upande, na upana wa nyayo umeongezeka milimita 60.

Wanafizikia wa Kiswahili wanao wenzo na kani, na hayo mawili yanatosha kueleza kilichotokea. Ndoo ya maji ni ileile ukiishika karibu na kifua au mkono ukiwa umenyooshwa, lakini bega lako linajua tofauti. Beringi ndiyo bega. Uzito wa mchele haukuongezeka, wenzo ndio uliorefuka, na kila tairi linapotua shimoni beringi inapokea msukosuko kwa mkono mrefu zaidi. Mbele, kuna adhabu ya pili: tairi sasa linagusa ardhi mbali na mstari ambao gurudumu hugeukia, hivyo usukani unakuwa mzito, na jiwe moja upande wa kulia linaunyakua mkononi mwa dereva. Tope lililokuwa likiishia chini ya madigadi linapanda milangoni.

Sasa, gari hadi gari. Ekseli ya nyuma ya Hilux ni ya aina ambayo wahandisi huiita inayoelea nusu. Neno kuelea hapa tumelifasiri moja kwa moja, na kwa bahati limetua kwenye lugha ya watu wa bahari, ambao wanajua kitu kinachoelea hakibebi chombo, kinabebwa. Shafti ya Hilux inafanya kazi mbili kwa pamoja: inazungusha gurudumu na inabeba uzito wa gari kupitia beringi moja iliyo mwishoni mwa nyumba ya ekseli. Haielei kweli. Ikikatika, gurudumu linaondoka nayo. Land Cruiser 79, kwa upande mwingine, ina ekseli ya nyuma inayoelea kamili. Kitovu kinazunguka juu ya beringi mbili za koni zilizokaa kwenye nyumba ya ekseli yenyewe, na shafti haibebi uzito wowote. Unaweza kuichomoa shafti nzima gari likiwa limesimama na magurudumu yake yakabaki mahali pake. Ningependa mafundi waseme shafti inayobeba na shafti isiyobeba, wakaachana na nusu na kamili, kwani swali la mnunuzi ni hilo tu: ukirefusha wenzo, nani anabeba?

Hivyo nilimjibu mpwa wangu. Gari lake linabeba magunia, barabara yake ina vipande vibaya, shafti yake inabeba, na sababu yake ni kusimama. Sikumdharau kwa kutaka gari zuri. Mtu anayeamka saa kumi usiku kupakia mchele ana haki ya kulifurahia gari lake. Nilimwambia tu kwamba anachotaka kukinunua ni jozi mbili za vitovu, na kwamba atakuwa ameongeza maungio manne yenye nati ishirini na nne ambazo hazionekani rimu ikiwa imefungwa. Alinyamaza, kisha akauliza, “Hizo nati za ndani nani atazikaza, Mjomba?” Nilijua hapo kwamba jina jipya limefanya kazi yake, kwani alipokuwa akisema spesa hakuwahi kuziona hizo nati. Fundi wa pancha pale Mikumi atavua gurudumu, ataziba, atarudisha, atakanyagia spana kwa mguu, na nati za ndani hatazigusa kwa sababu hazimhusu. Mpwa alizielekeza fedha zake kwenye shokapu mpya za nyuma.

Hapa nati zinastahili aya yao. Kiswahili kinasema mtu asiye na akili timamu nati zimelegea, na waliobuni usemi huo walikuwa wamekaa karibu na gereji, kwa sababu wanajua kwamba nati haianguki siku moja. Inalegea. Kinacholishika gurudumu ni msuguano kati ya nyuso mbili zilizobanwa. Stadi inavutwa kidogo na nati hadi iwe na mvuto wa kurudi, na mvuto huo ndio unaobana. Uso ukiwa na rangi, mchanga au kutu, mbano huo hupotea baada ya kilomita chache, stadi zinaanza kukatwa pembeni badala ya kuvutwa, na stadi haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kukaza kwa kipimo, kwa spana ya torki na namba iliyomo kwenye kitabu cha gari au cha kipande chenyewe, si anasa ya Wazungu. Torki nimeiacha kama ilivyo. Nilijaribu msokoto, lakini msokoto kwetu ni wa nywele na wa kamba, na fundi niliyemwambia alinitazama kwa huruma.

Land Cruiser 79 inaleta ile sababu nzito niliyoiahidi. Gari hili lilipoanza kupewa injini ya V8 mwaka 2007, sehemu ya mbele ilipanuliwa ili injini ipate pa kukaa, na ekseli ya mbele ikapanuliwa nayo. Ya nyuma iliachwa. Matokeo yake, kwenye matoleo hayo, nyayo za mbele ni pana kuliko za nyuma kwa takriban milimita 95. Kwenye lami hutagundua. Kwenye mchanga mzito au tope jeusi la mbuga unagundua mara moja, kwani matairi ya mbele yanachimba njia zake mbili na ya nyuma hayaingii humo. Yanapanda kwenye kingo na kuchimba nyingine, injini inalia na dizeli inaisha. Gari linakataa kufuata nyayo zake lenyewe.

Kwa sababu hiyo napendelea nyayo kuliko neno lolote kwa kile ambacho vitabu huita upana wa njia ya magurudumu. Kenya ilipounda gari lake la majaribio na kulionyesha mwaka 1990, ililiita Nyayo, lakini nyayo zile zilikuwa za siasa za Rais Moi, za kufuata aliyetangulia. Mimi nazitaka za ardhini. Upana wa nyayo za mbele, upana wa nyayo za nyuma: mkulima, dereva na mhandisi wanaelewa kwa pamoja, na wote wanaweza kuinama na kupima kwa futi, katikati ya tairi hadi katikati ya tairi.

Kwa 79 yenye tofauti hiyo, kitovu cha pili cha nyuma kina kazi ya kweli: kuzirudisha nyayo kwenye mstari mmoja. Shafti yake haibebi, beringi zake ni mbili kila upande, na stadi zake ni tano za milimita 14. Hata hivyo, nusu ya milimita 95 ni 47.5 kila upande, na huo si unene wa kuchezea. Australia, ambako gari hili linapendwa kuliko karibu popote, kanuni za kitaifa za kubadilisha magari haziruhusu kuweka kipande kati ya kitovu na rimu kama kiwanda hakikukiweka chenyewe, kwa hiyo wengi hununua ekseli nzima iliyopanuliwa au rimu zilizotoka nje zaidi. Ujerumani haikatazi, inataka kila kipande kiwe na hati ya kupimwa kwa gari husika, na wakaguzi kama TÜV wathibitishe. Nchi zote mbili, kila moja kwa njia yake, zimekichukulia kipande hiki kama kiungo kinachobeba uhai. Kwetu kinauzwa karibu na manukato ya kuning'iniza kwenye kioo.

Hukumu yangu mwenyewe ni kwamba rimu yenye ET inayofaa ni bora kila inapopatikana, kwani inarefusha wenzo uleule lakini haiongezi ungio la pili. Mabamba matupu siyapendekezi kwa pikapu yoyote inayobeba. Na kitovu cha pili nakikubali nyuma tu, kwenye shafti isiyobeba, kikiwa kimefuliwa na kukerezwa, kimekaa kwenye ukingo wa kitovu cha gari bila mchezo, na mwenye gari akiwa mtu wa kufungua magurudumu yake.

Rafiki yangu anayepeleka watafiti kwenye mito ya mchanga ya Ruaha ni mtu wa namna hiyo. Alipima nyayo zake, akakosa rimu alizozitaka, akaagiza vitovu vya nyuma. Siku vilipofungwa tulisugua nyuso zote kwa brashi ya waya hadi metali ikawa tupu, fundi akakaza nati za ndani kwa msalaba na kwa torki, akazikagua tena gari lilipomaliza kilomita mia za kwanza. Kwenye daftari la matengenezo, chini ya mstari wa kubadili oili, kuna mstari mpya: vua magurudumu ya nyuma, kagua nyufa kwenye vitovu vya pili, kaza nati za ndani.